Shaka ya Binti wa Mpui ni Swali Letu Sote

Msomaji wetu wa visiwani huenda hajapata kuisikia Mpui. Ni mji mdogo ulio juu ya uwanda wa Ufipa, katika Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga mjini. Huko hakuna minazi wala mikarafuu. Kuna upepo, kuna baridi ya kuuma mifupa miezi ya Juni na Julai, na kuna mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Watu wake, Wafipa, wanasifika tangu zama za mababu kwa kazi za mikono. Wazee wao waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, na walilima kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo ili ardhi irudishiwe rutuba yake.

Tulifika Mpui kwa safari ya kazi za Chama, tukalala kwa mzee mmoja aliyepata kuwa kiongozi wa tawi. Tulikwenda kuzungumzia mashina na matawi, lakini tumerudi na jambo jingine, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa kuwa linawahusu wananchi wa visiwani sawasawa na wale wa Ufipa, na linawahusu zaidi maofisa wa Serikali walio na kalamu ya kupanga watumishi na fedha.

Usiku ule, baada ya chakula, mwenyeji wetu alimwita binti yake aje atuamkie. Ni msichana ambaye hajatimiza miaka thelathini, mpole, mwenye macho ya mtu anayefikiri. "Huyu ndiye msomi wetu," alisema mzee. "Serikali imemsomesha, na mimi nimeuza ng'ombe. Lakini kazi yake, ndugu zangu, sijaielewa hadi leo." Binti akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Juu ya meza, chini ya taa, palikuwa na fomu ya kuombea masomo ya juu ya chuo kikuu. Tuliona kwamba alikuwa ameandika jina lake na tarehe ya kuzaliwa tu. Siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa imebakisha majuma mawili.

Binti huyo ni mtoa tiba kwa vitendo. Alisoma Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, katika chuo kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, akapata stashahada baada ya miaka mitatu. Kisha akaajiriwa katika hospitali moja ya mkoa mwingine, akafanya kazi miaka mitano. Sasa yupo likizoni, na wakubwa wake wamemwambia kwamba akitaka kupanda cheo aendelee na masomo hadi shahada ya uzamili. Njia hiyo ni ndefu. Ni miaka mingi ya ujana, na ni fedha ambayo mzee wake hana ng'ombe wa kutosha kuilipa. Na yeye mwenyewe ana shaka.

Tulimwomba atueleze shaka yake bila ya kutuonea haya. Alisema hivi. Kwanza, kazi yake haijulikani. Akisema ni muuguzi, kila mtu anaelewa. Akisema mtoa tiba kwa vitendo, anaulizwa vitendo gani. Pili, pale alipoajiriwa hapakuwa na chumba cha kazi yake wala vifaa, na kwa miezi minane alipangiwa dirisha la kuandikisha wagonjwa, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Tatu, wagonjwa aliopata kuwahudumia waliondoka hospitali kabla kazi haijaiva, wakarudi vijijini, naye hakuwaona tena.

Ya nne aliisema kwa sauti ya chini. "Baba, wakati mwingine usiku najiuliza: nikimfundisha mtu kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, nimemtibu? Daktari anapasua, mfamasia anatoa dawa. Mimi nimefanya nini? Na kama sina hakika sasa, nikasome miaka mingine ili iweje?"

Hatukumjibu usiku ule. Sisi tuliokulia chuoni kwa maalim kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa kwamba mtu akisita juu ya jambo kubwa hakimbilii kuamua: husali istikhara, huomba shauri kwa wanaojua, kisha huangalia. Tulimwomba basi atuonyeshe kazi yenyewe, kama iko mahali pa kuonekana.

Asubuhi alitupeleka kwa jirani. Mzee wa nyumba ile alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia ukapooza. Alipelekwa hospitali, akapona kwa maana ya kwamba hakufa. Jamaa zake wanampenda, na kwa mapenzi hayo walimfanyia kila kitu: walimlisha, walimvisha, walimweka juani asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Hakuombwa shauri wala hakuulizwa habari za shamba. Alikuwa mwenye nyumba, akawa mgeni katika nyumba yake.

Binti alipofika likizo alikwenda kumjulia hali, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyepata kumwuliza: kabla ya maradhi, asubuhi yake ilikuwaje? Mzee akaeleza polepole, maana ulimi nao ulikuwa mzito. Alikuwa akiamka mapema, akifungua zizi, akichambua mbegu za maharage msimu ukikaribia, akilima hadi jua kali. Binti akaanzia kwenye mbegu. Aliuweka ungo juu ya kigoda kifupi, mbele ya mzee, kwa upande wa kulia. Mkono mgonjwa ukapewa kazi ya kuushika ungo usitikisike, hata kama ni kwa uzito wake tu. Mkono mzima ukachambua. Siku za mwanzo ilikuwa ni dakika chache, kisha mzee huchoka na kukasirika. Baada ya majuma matatu vidole vya mkono mgonjwa vilianza kuisukuma punje mojamoja. Mpini wa jembe dogo ukafungwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi ili unenepe na kushikika. Chooni pakachimbiwa mti imara wa kujishikilia, kazi ya saa moja ya mjukuu mmoja na panga.

Tulipokuwa tumekaa, mjukuu wa kike alikuja kuuchukua ule ungo, akidhani babu amechoka mbele ya wageni. Mzee akamzuia. "Acha," alisema. "Hii ni mbegu, si mboga." Mtoto akaurudisha. Sisi tulishuhudia kwa macho yetu kwamba katika nyumba ile, juu ya habari ya mbegu, mzee ametoa amri na amri imetiiwa.

Tunaona hilo ni jibu la sehemu kubwa ya swali la binti. Kufunga kifungo peke yake si tiba. Tiba ni kumrudisha mtu katika siku yake: aamke, ajisitiri, ale kwa mkono wake, afanye kazi iliyo yake, ashauriwe na watu wake. Tuliuliza kazi hii inatofautiana vipi na ile ya wataalamu wa viungo, wa fiziotherapia. Alitueleza kwa maneno mepesi kwamba mwenzake wa viungo hupima mkono unainuka hadi wapi na una nguvu kiasi gani, naye huuliza mkono huo ulikuwa ukifanya nini, na sasa utafanyaje. Wawili hao wanahitajiana, kama fundi mwashi na fundi seremala katika nyumba moja.

Wapo watakaosema kwamba huu ni utaalamu wa kigeni, wa nchi zenye nafasi. Ni kweli kwamba jina lake lilipewa huko. Mwezi Machi 1917 watu wachache walikutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hii. Miongoni mwao walikuwamo George Edward Barton, msanifu majengo ambaye yeye mwenyewe alipata kuugua na kupooza, na Eleanor Clarke Slagle. Mwaka ule Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na askari walioumia walihitaji kurudishwa kazini. Uingereza ilipata skuli yake ya kwanza mwaka 1930, pale Dorset House, Bristol, kwa juhudi za daktari Elizabeth Casson. Shirikisho la dunia la wataalamu hawa liliundwa mwaka 1952.

Lakini maana yake tulikuwa nayo sisi wenyewe. Pale Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wa akili wakiwa wanakaa vijijini na jamaa zao, huku wakifanya kazi za kawaida. Nchini mwetu, baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha vijiji vya kuwarekebisha wagonjwa wa akili kwa kilimo na ufugaji. Kimojawapo ni Hombolo, jirani na Dodoma, ambako iko hospitali kongwe ya Mirembe. Kingine ni Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Mgonjwa aliyekaa wodini miaka mingi bila ya kushika kitu alipewa jembe, alipewa majira ya kuamka na kulala, na akaonekana tena ni mtu mwenye faida. Wazee wetu waliolelewa katika mafunzo ya Uhuru na Kazi hawakuhitaji kuelezwa sana kwa nini jambo hilo linafaa. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni wataalamu wa kulifanya kwa elimu, kwa vipimo na kwa kufuatilia. Kenya ilitangulia kuwafundisha, kuanzia miaka ya 1960. Uganda ikafuata pale Mulago katika miaka ya 1990. Na sisi tukafungua mlango wa Moshi mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990.

Sasa turudi kwenye fomu iliyo juu ya meza. Tunaona kwamba shaka ya binti huyu ni mbili, na ni hatari kuzichanganya. Ya kwanza ni shaka juu ya kazi yenyewe: je, kazi hii ina maana, na je, mimi ndiye wa kuifanya? Ya pili ni shaka juu ya namna kazi inavyopokewa: chumba hakuna, vifaa hakuna, nafasi za ajira ni chache, wakubwa hawaijui. Shaka ya kwanza ni yake, na hakuna wa kumjibia. Shaka ya pili si yake hata kidogo. Ni yetu sisi wenye dhamana, na tunafanya dhuluma tunapomwacha kijana ailipe ya pili kwa kuiona kama ni ya kwanza, akaondoka katika kazi anayoiweza kwa kudhani kwamba haiwezi.

Kwa vijana walio katika hali kama yake tunasema haya. Kusita kabla ya masomo marefu si uvivu wala si utovu wa shukrani kwa wazazi. Mwenye kuvuka bahari huangalia upepo kwanza. Lakini shaka juu ya kazi haiondolewi kwa kusoma zaidi, kwa sababu shahada haikutungwa kwa ajili hiyo. Anayekwenda chuo kikuu kuikimbia shaka ataikuta imemtangulia, imekaa kitini. Anayefaidika na masomo ya juu ni yule anayekwenda na swali alilolipata kazini: kwa nini mgonjwa yule alirudi nyumbani akaacha kuutumia mkono, na ni njia gani ya kumfuata kijijini kwa gharama ndogo? Mwenye swali kama hilo aende, hata kama ni mbali. Vyuo vikuu vya Afrika Kusini, kama vile Cape Town na Western Cape, vinafundisha taaluma hii hadi uzamili.

Katika jambo hili sisi tuna neema ambayo wengine hawana. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, mtu haingii katika kazi hii ila kwa masomo ya juu ya shahada. Kijana wa kule anatakiwa kuamua, na pengine kukopa fedha nyingi, kabla hajapata kumvisha mgonjwa hata soksi. Kwetu sisi yupo anayeanza kwa stashahada, akafanya kazi, akaijua ladha yake na uchungu wake, ndipo akaamua. Tusiidharau ngazi hiyo ya chini kwa kuwa ni ya chini. Tunawashauri wanaosita wakae mwaka mmoja karibu na wagonjwa, waandike kila juma nani alikuwa hawezi nini na sasa anaweza nini, kisha wasome walichoandika. Daftari hilo litawajibu vizuri kuliko sisi.

Kwa maofisa wa Serikali, wa Bara na wa Zanzibar, tunasema wazi zaidi. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki hizo mwaka 2009, kisha Bara ikatunga sheria yake mwaka 2010. Sheria hizo zinazungumzia utengemao, yaani kumrudisha mtu katika uwezo wake. Utengemao hauwezi kufanywa na karatasi. Unafanywa na mtu aliyefunzwa, aliyepewa chumba, meza, vifaa na usafiri wa kumfikia mgonjwa. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza: nafasi ya mtoa tiba kwa vitendo iwekwe katika ikama ya hospitali za wilaya, isiishie katika hospitali kubwa za kanda. Mkoa wa Rukwa peke yake ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.5 katika Sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wako vijijini. Mgonjwa wa kiharusi wa bondeni mwa Ziwa Rukwa hawezi kupanda na kushuka milima kila juma kuifuata huduma.

La pili: aliyesomeshwa kazi hii aifanye. Kumweka mtaalamu kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri ni kama kumchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kitoweo cha siku moja. Na tusisingizie ukosefu wa vifaa kila mara. Vifaa vya binti yule pale Mpui vilikuwa ni ungo, kigoda, kipande cha mpira wa tairi na mti mmoja. Wenzetu wa Zimbabwe walibuni namna ya kutengeneza viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo kwa makaratasi na maboksi makuukuu yaliyogandishwa kwa uji wa unga, na ufundi huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika.

La tatu: anayepelekwa masomo ya juu kwa fedha ya umma awekewe tangu mwanzo kazi ya kurudia. Pasipo na nafasi inayomngoja, masomo ya juu yanakuwa ni mlango wa kuondokea, na wanaoondokewa ni wale wasioweza kutembea.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya Ufipa tu. Kila msimu wa karafuu wapo wachumaji wanaoanguka mikarafuuni, wengine wakaumia uti wa mgongo na kurudi nyumbani wakiwa wamelala. Wapo wazee wetu waliopigwa na kiharusi, wanaotolewa barazani asubuhi na kuingizwa ndani magharibi. Wapo waliotoka hospitali ya Kidongo Chekundu wakiwa na nafuu, lakini hawana la kufanya, na ugonjwa ukawarudia kwa kukosa shughuli. Kila familia miongoni mwetu ina mtu wake. Tumezoea kusema kwamba tunamtunza, na ni kweli tunamtunza. Lakini tujiulize kama tumepata kumwuliza asubuhi yake ilikuwaje kabla ya maradhi, na kama ipo sehemu yoyote ya asubuhi hiyo tunayoweza kumrudishia, hata iwe ni kusuka kipande cha ukili au kuchambua mchele.

Tulipokuwa tunaaga, mwenyeji wetu alitusindikiza hadi barabarani. Alikuwa amekwenda naye kwa jirani asubuhi ile, mara yake ya kwanza kumwona bintiye kazini. Alitembea kimya, kisha akasema, "Sasa nimeielewa kazi yake. Jana nilitaka kumwambia ajaze ile karatasi aende. Leo nasema aende, lakini huyu jirani yangu atabaki na nani?"

Hilo hatukuweza kulijibu, na basi likaja. Fomu tuliiacha juu ya meza, imeandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Binti ataijaza au hataijaza, na kwa vyovyote atakavyoamua tunamwombea heri. Lakini swali la baba yake halikuulizwa kwake. Liliulizwa kwetu sisi tuliokwenda Mpui na kadi za Chama mifukoni, na linawangoja wote wanaokaa vikao vya bajeti, wanaopanga ikama, wanaotia saini barua za uhamisho. Tunalileta hapa kama tulivyolipokea, ili mwenye dhamana alijibu kwa kuandika jina la mtumishi mmoja katika nafasi moja ya wilaya moja, na kwa kuanzia iwe Sumbawanga.